Mtoto Hasomi: Kesho Asubuhi Anahitaji Nini?

Toka Dumila hadi Morogoro mjini ni kilomita karibu 70 kwa barabara kuu ya Dodoma. Ukitaka Kilosa, makao makuu ya wilaya, unaiacha barabara kuu pale njia panda na kupita Rudewa, nazo ni kilomita karibu 70 nyingine. Dodoma iko mbali zaidi, kama kilomita 200. Mzazi wa Dumila ambaye mwanawe yuko darasa la pili na bado hajui kusoma, akiambiwa na mwalimu "huyu mpeleke akapimwe", safari zake ndizo hizo. Aache meza yake ya nyanya kando ya barabara au kibarua cha shamba, atafute nauli ya watu wawili, aombe pa kulala kwa ndugu, na akifika hospitali hana hakika kama atamkuta mtu aliyesomea matatizo ya watoto ya kujifunza. Wengi hawaendi, na si kwa kukosa mapenzi. Mtoto anarudi kwenye dawati lake la nyuma, shule nayo inaisubiri karatasi ya daktari ambayo haiji.

Karatasi hiyo haifai kusubiriwa. Mwalimu anaweza kuanza kumsaidia mtoto kesho asubuhi bila kujua tatizo lake linaitwaje, mradi ajue mtoto anakwama wapi na anahitaji nini ili asogee. Kwa mji kama Dumila, na kwa vijiji vingi vya Kilosa, Mvomero na Gairo, naamini hiyo ndiyo njia pekee ambayo mtoto anaweza kuifikia akiwa bado mtoto.

Elimu maalumu ya nchi yetu ilijengwa juu ya majina ya ulemavu, na ilikuwa na sababu zake. Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Baadaye vikaja vitengo ndani ya shule za kawaida: kitengo cha wasioona, cha viziwi, cha wenye ulemavu wa akili, na siku hizi cha wenye usonji. Shule hizo zimetoa walimu, wanasheria na wabunge, na hakuna anayepaswa kuzibeza. Ila ili uingie kitengo lazima kwanza uwe na jina. Fomu za takwimu zinazojazwa shuleni kila mwaka nazo zimepangwa hivyohivyo, kila aina ya ulemavu na safu yake. Asiyeona kabisa anahesabiwa. Anayeona ubao kama ukungu, na hajui kwamba wenzake hawauoni hivyo, hahesabiwi. Anayesikia nusu ya sentensi kwa sababu sikio moja linatoka usaha tangu akiwa na miaka mitatu, naye hahesabiwi. Hao ndio wengi, na wako katika kila darasa.

Uingereza walilifikia jambo hili nusu karne iliyopita. Mwaka 1974 serikali yao iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock, na ripoti yake ikatoka mwaka 1978. Kabla ya hapo sheria yao iliwagawa watoto kwa makundi ya ulemavu, kila kundi na shule zake. Kamati ilisema makundi hayo hayamwambii mwalimu la kufanya. Watoto wawili wenye ulemavu wa jina moja wanaweza kuhitaji misaada tofauti kabisa, na wengine wawili wenye majina tofauti wakahitaji msaada uleule. Ikakadiria pia kwamba mtoto mmoja kati ya watano, katika kipindi fulani cha masomo yake, atahitaji msaada wa ziada, na wengi wao hawatawahi kuitwa walemavu. Sheria ya mwaka 1981 iliifuata ripoti hiyo, na fikra ya "mahitaji maalumu" ikasambaa duniani. Mwaka 1994, huko Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo ijipange kumpokea kila mtoto.

Tanzania imo katika makubaliano hayo. Iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na imekuwa na mikakati ya kitaifa ya elimu jumuishi tangu mwaka 2009. Kwenye karatasi tumefika. Swali ni mwalimu wa darasa la pili, mwenye chaki mkononi na watoto sabini mbele yake, afanye nini Jumatatu.

Aanze kwa kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kwa sauti. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na mtoto akishazishika silabi safari yake huwa nyepesi. Lakini njiani kuna pa kukwama, na kila mtoto ana pake. Yupo anayesoma baba, kaka na meza bila taabu, akifika kwenye mbwa, nywele au ng'ombe anasimama. Yupo anayezitaja herufi zote kwa majina, lakini ukimwekea b na a anakuambia "be, a", na ba haitoki. Yupo pia anayesoma ukurasa mzima bila kukosea kwa sababu ameusikia mara nyingi na kuukariri. Mwonyeshe neno lilelile kwenye karatasi nyingine, halijui. Wote watatu wameandikwa kwenye daftari la mwalimu kwamba hawajui KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wote watatu wanapewa dawa moja, yaani kurudia darasa au kukaripiwa.

Mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza amebakiza hatua moja, akae wiki mbili tatu na silabi zenye konsonanti mbili na tatu, mbwa na mbwa tena, nywa na nywele, atavuka. Wa pili hapaswi kupewa daftari kwanza. Arudishwe kwenye sauti kwa mdomo na masikio, apige makofi kwa kila silabi ya jina lake na ya majina ya wenzake, hadi asikie kwamba neno linakatika vipande, ndipo aone vipande hivyo vikiandikwa. Wa tatu anahitaji maneno yatolewe kitabuni, yaandikwe kwenye vipande vya boksi, yachanganywe na kupangwa upya ili kukariri kusimsaidie. Hakuna kati ya hao aliyehitaji kupelekwa Muhimbili ili mwalimu ajue hili. Zilihitajika dakika kumi za sikio la mwalimu.

Macho na masikio nayo yana njia zake. Chora herufi E kubwa nyeusi kwenye boksi jeupe. Msimamishe mtoto mita sita, igeuze juu, chini, kulia, kushoto, naye aonyeshe kwa vidole miguu ya herufi inaelekea wapi. Fanya jicho moja moja. Kwa masikio, simama hatua chache nyuma yake asiuone mdomo wako, taja kwa sauti ya chini maneno anayoyajua, paka, samaki, dirisha, naye ayarudie. Hakuna anayetoa jina la ugonjwa hapo. Anayeshindwa aandikiwe barua ya kwenda zahanati au kituo cha afya, na sikio linalotoka usaha lisichekewe maana linatibika. Lakini siku hiyohiyo, kabla barua haijaandikwa, mtoto ahamie dawati la mbele, upande ambao mwanga wa dirisha haumpigi machoni. Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Jirani yake wa dawati aruhusiwe kumnong'oneza maelekezo. Kuhamisha mtoto dawati hakugharimu shilingi.

Hapa lazima nilitaje jambo linaloniuma. Mtoto asiyesikia vizuri akiambiwa "fungua ukurasa wa ishirini" na akakaa tu, wengi huona ukaidi. Asiyeweza kukaa dakika arobaini bila kusimama huitwa mtukutu. Anayesahau alichofundishwa jana huitwa kichwa kigumu, na nyumbani huenda bibi akasema amerogwa. Hayo nayo ni majina, tena yanatolewa haraka kuliko ya daktari na yanashika kuliko ya daktari. Yanakuja na fimbo. Mtoto aliyechapwa kwa kutosikia hajifunzi kusikia, anajifunza kukaa mbali na mwalimu, na miezi michache baadaye anakuwa mtoro, ndipo shule inapopata neno la kumwandikia.

Kilosa ina sababu nyingine za kuangalia mahitaji kabla ya majina. Wilaya hii ina wakulima na wafugaji, ina Wakaguru, Wasagara, Waparakuyo, Wasukuma, Wabarabaig na wengine wengi waliofuata ardhi na maji. Mtoto wa Kiparakuyo anayeanza shule huenda hajawahi kuzungumza Kiswahili siku nzima. Anakaa kimya miezi. Ukimpima kwa maswali ya Kiswahili utasema uelewa wake uko chini, ukampeleka kitengo cha ulemavu wa akili utakuwa umemdhulumu. Mtoto huyu anaweza kukutajia ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Anachohitaji ni mwenzake anayejua lugha zote mbili akae karibu naye, picha, nyimbo, na mwalimu anayejua salamu na namba kwa lugha ya kwao. Mpe mwaka mmoja wa hivyo, ndipo uulize kama kuna tatizo jingine.

Tena kuna yale ambayo hakuna daktari anayeyaandika kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto Mkondoa yaliwafukuza maelfu ya watu Kilosa. Januari 2014 yakawa zamu ya Dumila na Magole: mto Mkundi ulifurika, nyumba zikachukuliwa, daraja likakatika na barabara ya Dodoma ikafungwa, familia zikahamia kwenye mahema. Huko Rudewa, Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu wengi kwa siku moja, na chuki za ardhi zimeendelea kuzuka hapa na pale wilayani. Mtoto aliyepita kwenye mambo hayo akirudi shuleni haandiki, analala mezani, anashtuka mlango ukigongwa. Ana ulemavu gani? Hana. Anahitaji msaada? Tena sana. Anahitaji mtu mzima mmoja shuleni anayemjua kwa jina, ratiba isiyobadilikabadilika, uji wa asubuhi, na muda kabla ya kudaiwa mtihani. Mfumo unaosubiri jina hautamwona.

Nchi hii iliwahi kuanza na mahitaji ya mtoto bila kusubiri jina, na ikafaa. Mwaka 1999 ulianza mpango wa MEMKWA, wa watoto waliokosa shule kwa wakati wake. Ulianzia wilaya tano, Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini, kisha ukaenea. Mtoto wa miaka 11 aliyekuja MEMKWA alipokelewa alipofikia na kupewa masomo yaliyofupishwa, kisha wengi wakaingizwa kwenye madarasa ya kawaida. Awe alikosa shule kwa sababu ya kuchunga, kuugua au umaskini, hakuna lililomzuia mlangoni. Fikra hiyo ipo kwenye mikono ya walimu wetu wa zamani. Haihitaji kuagizwa kutoka nje.

Sasa nizipe nafasi hoja za upande wa pili, kwa sababu zina uzito.

Kwanza, kuna magonjwa ambayo bila jina hayana tiba. Mkoani kwetu Morogoro, kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa, watu wakiamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, watoto wakiungua motoni walipoanguka na hakuna wa kuwashika. Jina sahihi na vidonge vya bei ndogo viliwarudisha wengi shambani na jikoni. Mtoto mwenye kifafa aliye darasani Dumila anahitaji hospitali, na kumnyima kwa kisingizio cha kutopenda majina ni kumwacha hatarini. Vivyo hivyo kiziwi. Asipotambuliwa mapema akaanza lugha ya alama, miaka ya kujifunza lugha inampita. Wazazi wa watoto wenye usonji nao walipigana miaka kwa ajili ya jina hilo, kwa sababu kabla yake waliambiwa wamelea vibaya au wamelaaniwa. Jina liliwaondolea lawama. Sithubutu kuwaambia waliache.

Kwa hiyo sisemi vipimo visiwepo. Kenya walianza vituo vyao vya kupima watoto mwaka 1984, na sisi tunahitaji vingi zaidi kuliko tulivyo navyo sasa, karibu na watu. Ninachokataa ni kuvifanya lango. Kipimo kiende sambamba na msaada, na matokeo yake yakija yaboreshe kile ambacho mwalimu tayari anakifanya.

Pili, Waingereza wenyewe waliteleza. Sheria ya 1981 ilikusudia kufuta makundi, lakini iliunda hati maalumu kwa wachache wenye mahitaji makubwa, na fedha zikafuata hati. Wazazi wakaanza kuigombania hati kama walivyogombania jina la ugonjwa. Mwaka 2005 Warnock mwenyewe aliandika kwamba mambo hayakwenda kama kamati yake ilivyotarajia. Wanaopanga bajeti za halmashauri walisome hilo kwa makini. Ukisema msaada unafuata mahitaji halafu pesa ukaziacha zifuate majina, majina yatarudi kwa mlango wa nyuma.

Tatu, na hii ndiyo ninayoisikia zaidi kwa walimu: darasa lina watoto wengi mno. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa msingi, na tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 watoto walijaa kuliko vyumba. Mwalimu mwenye themanini ataupata wapi muda wa dakika kumi kwa kila mmoja? Hawezi, na asidaiwe. Achague watatu anaowahofia zaidi muhula huu. Daftari moja la kurasa tisini na sita, kila mtoto ukurasa wake: anaweza nini, anakwama wapi, tunajaribu nini kwa wiki mbili, imesaidia au haikusaidia. Sehemu ya kwanza isirukwe, maana mwalimu anayeandika "anahesabu chenji vizuri dukani" ameshapata pa kuanzia somo la hisabati. Kisicholeta mabadiliko kibadilishwe, kisirudiwe kwa ukali zaidi. Baada ya muhula, mwalimu wa darasa la tatu akabidhiwe daftari hilo pamoja na mtoto. Leo hii mtoto anapanda darasa na alama tu, na yote ambayo mwalimu wake alijifunza juu yake yanaishia pale.

Mzazi aingie humo pia. Mama akija shuleni na kuuliza, "Mwalimu, mwanangu ana nini hasa?", jibu la kweli ni hili: "Mama, sijui bado, na hospitali tutakwenda. Ila nimeona akiandika kidogokidogo anaweza, akipewa kingi anaacha. Nyumbani anafanyaje ukimtuma vitu vitatu?" Mama atajua. Atasema akimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja, akimpa kimoja kimoja anamaliza vyote. Hapo mwalimu amepata maelekezo ambayo hakuna cheti kingempa.

Walimu hawawezi kuachiwa mzigo huu wenyewe. Chuo cha ualimu Ilonga kiko humohumo Kilosa, na Patandi, Arusha, ndiyo kinara wa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Mwalimu aliyetoka Patandi akipangwa shule moja yenye kitengo, utaalamu wake unaishia kwenye kuta za kitengo hicho. Apewe siku moja kwa wiki azunguke shule za kata, akae nyuma ya darasa la mwenzake, waangalie daftari pamoja. Afisa elimu kata ana pikipiki na ana ratiba ya kutembelea shule, hilo linaweza kuingia kwenye ratiba yake bila sheria mpya. Wanachuo wa Ilonga wanaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo wafundishwe kumsikiliza mtoto akisoma na kuandika anapokwama, kabla ya kufundishwa orodha ya aina za ulemavu.

Halafu kuna mtihani. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa. Ni mpango wa haki, na unamfikia yule tu ambaye shule ilimwona na kumsajili hivyo mapema. Mtoto wa Dumila ambaye macho yake ni hafifu na hakuna aliyewahi kushika kile kipande cha boksi chenye E mbele yake, atafika darasa la mwisho na kupewa karatasi ileile ya wenzake, kwa muda uleule. Fomu za usajili na za takwimu zinaweza kuongezewa safu moja: msaada ambao mwanafunzi huyu amekuwa akiupata darasani, na tangu lini. Mwalimu mwenye daftari la miaka miwili ataijaza kwa dakika moja, awe na cheti cha hospitali au asiwe nacho, na halmashauri itajua ni watoto wangapi wanaohitaji maandishi makubwa, wangapi wanahitaji kiti cha mbele na wangapi wanahitaji mtu wa kukaa nao.